Mlinde mgonjwa, linda na leseni yako: mwongozo kwa muuguzi mpya wodini

Kila kundi jipya la wauguzi likiletwa kwetu, metroni hunipa saa moja nizungumze nao habari za sheria. Saa moja haitoshi, na sehemu yake kubwa huliwa na usingizi wa baada ya chakula cha mchana, maana joto la Dodoma mnalijua. Kwa hiyo nimeona niyaandike. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya wilaya mkoani hapa, na ni mjumbe wa kamati inayopitia mafaili pale jambo linapoharibika. Karibu wauguzi wote niliosoma mafaili yao walikuwa watu wema, wachapakazi, waliochoka. Hilo hakuna anayeliuliza. Yanayoulizwa ni matatu: ulifanya nini, saa ngapi, na ulimwambia nani. Ukiweza kujibu hayo matatu kwa kila mgonjwa wako, umemlinda yeye na umejilinda mwenyewe.

Leseni na ngazi yako

Nianze na jepesi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kufanya kazi hii bila kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na kuwa na leseni hai. Cheti cha chuo si leseni, na barua ya ajira pia si leseni. Angalia tarehe ya mwisho ya leseni yako, iweke kwenye simu ikukumbushe miezi mitatu kabla, na vyeti vya mafunzo kazini vitunze kwenye bahasha moja kwa sababu utaulizwa. Sindano uliyochoma vizuri kabisa, lakini leseni yako imeisha, inakuingiza kwenye kesi ambayo hukuwa na haja nayo.

Halafu kuna suala la nani afanye nini. Ukipangiwa zahanati ya kijijini unaweza kumkuta mhudumu wa afya anayepata mshipa haraka kuliko wewe, na kijiji kizima kinamwita daktari. Mheshimu, muamkie, mwombe akufundishe watu wa pale. Dawa na sindano usimwachie. Ukimtuma mtu kazi isiyo ya ngazi yake, likiharibika anayeulizwa kwanza ni wewe uliyemtuma. Hivyo hivyo kwa mwanafunzi: anafanya ukiwa umesimama pembeni yake, si ukiwa umekwenda kunywa chai.

Unaweza kushtakiwa wapi

Wengi wanadhani kuna mlango mmoja. Ipo milango minne, na tukio moja linaweza kukupitisha yote. Baraza linaweza kukuonya, kukusimamisha, au kufuta jina lako kwenye daftari. Mwajiri ana taratibu zake za nidhamu. Mgonjwa au ndugu zake wanaweza kufungua madai ya fidia. Na ipo jinai: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema ni kosa kumtibu mtu au kumpa dawa kwa papara au uzembe unaohatarisha maisha yake. Soma hapo vizuri. Hakuna mahali pameandikwa kwamba lazima afe.

Kwenye madai, kipimo ni hiki: muuguzi mwenye ngazi kama yako, makini, akiwa mahali kama pale, angefanya nini? Huwezi kulinganishwa na profesa, lakini pia huwezi kujitetea kwa kusema “huku kwetu ndivyo tunavyofanya.” Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu, na kama hospitali ni ya serikali lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90. Maana yake ni kwamba unaweza kuitwa mwaka wa pili au wa tatu kueleza usiku mmoja ambao hukumbuki hata ulikuwa na nani zamu. Siku hiyo litakaloongea ni faili. Nitarudi hapo.

Hakikisha ni yeye

Mwaka 2007 Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa kwenye upasuaji. Wa goti akafunguliwa kichwa, wa kichwa akafunguliwa goti. Nchi nzima ilisimama. Wauguzi wanaoanza kazi leo wengine walikuwa watoto wadogo, kwa hiyo huwa nawasimulia.

Hapa kwetu wodini kuwa na akina Mazengo wawili ni jambo la kawaida kabisa. Usimuulize mgonjwa “Wewe ndiye Mazengo?” Mzee asiyesikia vizuri atakujibu “ee” kwa lolote utakalosema, kwa adabu tu. Muulize, “Babu, majina yako yote ni nani?” kisha nyamaza umsikilize. Linganisha na kitu cha pili. Vitabuni wanasema tarehe ya kuzaliwa, lakini wazee wengi wa huku watakwambia walizaliwa mwaka wa njaa fulani, kwa hiyo tumia namba ya faili, na ongeza kijiji na jina la ndugu aliyemleta. Namba ya kitanda isikusaidie kumtambua mtu. Wagonjwa wanahama vitanda kufuata upepo wa dirishani.

Kichanga kivalishwe utambulisho kabla hakijatoka machoni pa mama yake. Wakiwa pacha, usiandike Kulwa na Doto kwa sababu tu bibi ameshawaita hivyo. Andika wa kwanza na wa pili, jinsia, uzito na saa ya kila mmoja.

Kabla ya upasuaji ipo orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, vipengele 19. Nimeona inavyojazwa jioni, wagonjwa wote watano kwa kalamu moja na mwandiko wa mtu mmoja, baada ya kazi kwisha. Hiyo ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu sasa ipo karatasi yenye saini yako inayosema uliuliza kitu ambacho hukuuliza.

Dawa

Hapa ndipo mafaili mengi ninayoyapitia yanapoanzia, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Zile kanuni za mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi mlikariri chuoni. Zinavunjwa na mambo madogo. La kwanza ni nukta. Andika 0.5, usiandike .5, kwa sababu nukta ikififia inabaki 5. Andika 5, usiandike 5.0, kwa sababu inasomeka 50. Insulini andika neno zima “yuniti”. Herufi moja ya U iliyoandikwa haraka ni sifuri, na yuniti 10 zinakuwa 100.

La pili ni hesabu za watoto. Chukua kichanga cha kilo 3 aliyeandikiwa jentamaisini miligramu 5 kwa kilo: ni miligramu 15. Ampuli yako ni miligramu 80 ndani ya mililita 2, yaani 40 kwa kila mililita moja. Unahitaji 0.375 ml. Hiyo unaipima kwa bomba la mililita moja tu. Bomba la mililita tano halitakuambia ukweli. Na jizoeze kushtuka. Ukisogeza nukta kwa makosa utapata 3.75 ml, na kuipata itabidi uvunje ampuli ya pili. Ukijikuta unavunja ampuli ya pili kwa ajili ya kichanga mmoja, simama hapo hapo, rudia hesabu, na mwite mwenzako afanye yake bila kuona yako. Akiona jibu lako atakubali tu.

La tatu ni zile dawa ambazo kosa lake halirudi. Potasiamu kloraidi haisukumwi mshipani moja kwa moja, kamwe. Inachanganywa kwenye dripu na kupimwa mwendo. Isikae kwenye trei moja na maji ya sindano. Kama kwenye wodi yenu inakaa hapo, kesho asubuhi hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza.

Magnesiamu salfeti, ambayo sisi wa wazazi tunaishi nayo kwa ajili ya kifafa cha mimba, ina mambo matatu ya kuangalia kabla ya kila dozi ya kuendelezea: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti likigongwa linaruka, na mkojo umefika mililita 30 kwa saa. Moja likikosekana, usichome, mwite daktari. Kalsiamu glukoneti gramu moja, yaani mililita 10 za asilimia 10, iwe imeshawekwa kando ya kitanda na si kwenye kabati lililofungwa ambalo ufunguo ameondoka nao mtu wa zamu ya mchana. Huo ufunguo nimeusikia kwenye maelezo ya watu zaidi ya mara moja.

Amri ya mdomo kwa simu: iandike ukiwa bado unaongea, isome kwa sauti daktari aisikie, ndipo ufanye. Akifika, asaini. Mwandiko usiosomeka usiubahatishe. Na ukiona amri si sahihi, kataa kwa heshima: “Dokta, dozi hii naiona kubwa kwa uzito wake, naomba tuiangalie pamoja kabla sijatoa.” Neno “daktari alisema” halikuondolei wajibu wako. Mkono uliochoma ni wako.

Damu: wawili mnasoma pamoja jina, namba, kundi na tarehe ya mwisho, kando ya kitanda cha mgonjwa. Dakika 15 za mwanzo usiondoke. Mfuko uishe ndani ya saa nne.

Nani anasaini

Hili la ridhaa lina utata wake huku kwetu, na vitabu haviligusi vizuri.

Mama wa miaka 26 anahitaji kufanyiwa upasuaji kujifungua. Ana akili timamu, ameelewa, amekubali. Mama mkwe yuko pembeni anasema, “Mwanangu, tungoje kwanza baba mtoto arudi, yuko mnadani Msalato.” Usigombane naye. Ukigombana, wote wawili watakuacha na fomu mkononi. Mimi husema: “Shikamoo bibi. Nimekuelewa kabisa. Baba tumpigie simu ajue, hilo ni haki yake ya kujua. Lakini anayesaini ni mwenye tumbo, na mtoto hana muda wa kungoja.” Mara nyingi bibi mwenyewe ndiye anayeshika kalamu kumpa mkwe wake. Mtu mzima aliyetimiza miaka 18, mwenye akili timamu, anasaini mwenyewe. Ruhusa ya mume ni heshima ya kifamilia tu.

Kusaini kuje baada ya kuelewa. Kuna bibi wa vijijini Chamwino au Mpwapwa anayesikia Kiswahili cha sokoni tu. Ukimweleza habari za upasuaji kwa Kiswahili cha hospitali atatikisa kichwa. “Mbukwenyi” yako ya salamu itampendeza lakini haitoshi. Tafuta mtu mzima anayejua Kigogo, Kirangi au Kisandawe, asiwe mtoto wa mgonjwa wa miaka kumi, kisha mwambie mgonjwa akueleze wewe kwa maneno yake kinachokwenda kufanyika. Andika jina la aliyetafsiri. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi ambaye si wewe.

Mtu mzima akikataa, kwa mfano Shahidi wa Yehova akakataa damu, hakikisha daktari amemweleza hatari zake waziwazi, andika maneno yake kama alivyoyasema, asaini, na mwendelee kumhudumia kwa mengine yote bila kununa. Mzazi akikataa kwa niaba ya mtoto, hapo mambo yanabadilika: Sheria ya Mtoto ya 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto. Mwite daktari, mganga mfawidhi na afisa ustawi wa jamii mara moja. Na aliyeletwa hana fahamu, hana ndugu, anavuja damu, haachwi kungoja saini. Andika saa, hali yake, na nani mlimtafuta. Aliyejeruhiwa pia hangoji fomu ya polisi ndipo ashonwe mshipa unaotoka damu. PF3 itafuata.

Kumwita mtu, na kuandika kwamba ulimwita

Simu ya usiku isianze na “Dokta, huku mgonjwa hali yake si nzuri.” Huo ni umbea. Sema: “Dokta, ni Sista fulani, wodi ya wazazi. Nina mama wa miaka 24, mimba ya kwanza. Presha 170 kwa 115, kichwa kinamuuma, anasema anaona giza. Nadhani anaelekea kifafa cha mimba. Naomba uje sasa, na niambie nianze nini wakati unakuja.” Nusu dakika, na hawezi kugeukia upande wa pili akalala.

Asipopokea, andika saa. Piga tena, andika saa. Kisha panda ngazi: daktari wa pili wa zamu, msimamizi wa zamu, mganga mfawidhi. Najua hofu ya kumwamsha mganga mfawidhi saa nane usiku. Nimeona vijana wakikaa na mgonjwa hadi asubuhi kwa sababu ya aibu. Mganga mfawidhi analipwa kuamshwa.

Ukiwa peke yako na wagonjwa wengi kuliko uwezo wako, usikae kimya ukijipa moyo. Mjulishe msimamizi mwanzoni mwa zamu, na uandike kwenye kitabu cha ripoti: wagonjwa wangapi, mahututi wangapi, nani kaambiwa. Upungufu wa watumishi haufuti wajibu wako, ila kumbukumbu hiyo inaonyesha kwamba ulisema mapema.

Kukabidhiana zamu kufanyike kitanda kwa kitanda, mkimwona mgonjwa, mkigusa dripu, mkiangalia kanula, yaani kile kibomba kilichowekwa mshipani. Ripoti inayosomwa ofisini huku mwingine anavua sare inaacha watu.

Kuandika kwenyewe

Andika wakati ule ule. Andika ulichoona na kupima, acha maoni: “ametoka damu, pedi mbili zimelowa ndani ya nusu saa, mapigo 118,” badala ya “mgonjwa anaendelea vizuri.” Hayo maneno “anaendelea vizuri” nimeyakuta yameandikwa saa kumi na moja alfajiri kwa mtu aliyefariki saa kumi na mbili. Ukikosea, piga mstari mmoja unaosomeka, andika saa na saini. Usitumie dawa nyeupe ya kufutia. Ukikumbuka jambo baadaye, liandike na useme wazi ni nyongeza, kwa saa halisi unayoandika.

Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, ikichorwa baada ya mtoto kuzaliwa inajulikana. Mistari yake imenyooka mno.

Hospitali nyingi sasa zinatumia GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Nywila yako usimpe mtu, hata rafiki yako wa chumba kimoja. Kila dawa atakayoingiza inasomeka ni wewe, na mfumo unatunza saa na dakika.

Siri

Dodoma imekua sana tangu serikali ihamie, lakini bado shangazi yako anajuana na mgonjwa wako. Majibu ya mtu ni yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda majibu ya kipimo cha VVU. Tangu marekebisho ya 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa VVU, kwa hiyo mama yake akija kuuliza dirishani, jibu lako ni la upole na halina majibu ndani yake. Picha ya kidonda usiiweke kwenye kundi la WhatsApp la wodi, hata ukifunika sura. Kigimbi chenye chale kinatambulika na ukoo mzima.

Likiharibika

Kwanza mgonjwa. Simamisha dawa, acha njia ya mshipa wazi, pima, ita msaada. Kisha tunza vitu: ampuli, bomba, mfuko wa damu, chupa ya dripu. Watu wana haraka ya kusafisha, na wakisafisha wanatupa ushahidi ambao mara nyingine ungewatetea. Dawa ikileta madhara yasiyotarajiwa, jaza fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kuijaza si kukiri kosa.

Faili usiliguse kulirekebisha. Nilishaona mashauri yaliyokuwa madogo yakawa makubwa kwa sababu ya ukurasa mmoja uliochanwa.

Ndugu waambiwe ukweli mapema, na daktari pamoja na inchaji, yaani msimamizi wa wodi, wakiwa wamekaa, mahali penye faragha. Usijifiche stoo. Sema kilichotokea na kinachofanyika sasa. Usitaje mwenye kosa wakati bado hakijachunguzwa.

Utaombwa maelezo ya maandishi. Omba muda ukayaandike umetulia, ukiwa na faili mbele yako. Andika kwa mpangilio wa saa, kile ulichofanya na kuona wewe mwenyewe. Ulichosikia kwa mwenzako sema kwamba ulisikia. Usimtetee mtu, usimchome mtu. Ujulishe uongozi wa chama chako, TANNA cha wauguzi au TUGHE cha wafanyakazi wa serikali na afya, kama ni mwanachama, kabla ya kikao cha nidhamu. Ukiitwa polisi, nenda, lakini una haki ya kuwasiliana na wakili au ndugu kabla ya kuhojiwa; iombe kwa adabu. Soma kila ukurasa kabla ya kusaini, piga mstari kwenye nafasi zilizobaki wazi, na uondoke na nakala yako.